Kusafiri nje ya Marekani huku ombi la grinikadi bado linasubiri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Jumamosi baada ya adhuhuri hukaa kwenye chumba cha nyuma cha msikiti wetu, nikisaidia watu kujaza fomu za uhamiaji. Swali la safari ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi huja limechelewa: tiketi imeshakatwa, au anayeuliza ananipigia simu akiwa tayari yuko Nairobi. Mimi si wakili, na yapo mambo humu ambayo nitakwambia wazi uyapeleke kwa wakili. Ila mengi yanajulikana na yameandikwa katika sheria na maelekezo ya USCIS, idara inayoshughulikia uraia na uhamiaji Marekani. Kama una nafasi ya kusoma jibu moja tu, soma la tatu.

Nimewasilisha I-485 na risiti ninayo. Naweza kusafiri?

Kutoka unaweza, hakuna atakayekuzuia mlangoni. Kazi ni kurudi. Mtu aliyeomba grinikadi akiwa ndani ya Marekani kwa fomu I-485, kisha akatoka bila kibali cha kurudi, sheria inahesabu kwamba ameliacha ombi lake kwa hiari. Hutaulizwa ulikuwa na nia gani. Ombi linafungwa, na ada yake, ambayo tangu Aprili 2024 ni dola 1,440 kwa mtu mzima, hairudishwi. Wachache wamesamehewa kanuni hii, nao nitawaeleza chini.

Wala haijalishi umekaa nje muda gani. Kijana mmoja mwanafunzi alikwenda na wenzake kuangalia maporomoko ya Niagara. Viza ya Kanada alikuwa nayo, na ya masomo ya Marekani ilikuwa bado hai. Wakavuka Daraja la Rainbow kwa miguu, wakapiga picha upande wa pili, wakarudi. Dakika arobaini. Ofisa wa mpakani aliangalia pasipoti, akaona viza ya masomo, akamruhusu apite. Kijana akajua mambo yamekwisha salama. Miezi kadhaa baadaye barua ikaja: ombi limefungwa kwa sababu alitoka nchini bila kibali. Aliniletea ile barua ikiwa imekunjwa mara nne, na kwenye simu yake bado kulikuwa na ile picha ya maporomoko.

Je, risiti yenyewe au kadi ya kazi haitoshi?

Haitoshi. Risiti, ile I-797C, inathibitisha tu kwamba karatasi zako zimepokelewa. Isome juu: imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba notisi hiyo haimpi mtu hadhi wala manufaa yoyote ya uhamiaji.

Kadi ya kazi nayo igeuze uisome. Zamani USCIS ilikuwa ikitoa kadi moja yenye kazi mbili, na juu yake huandikwa "Serves as I-512 Advance Parole". Mwenye kadi hiyo ikiwa hai anaweza kusafiri nayo. Siku hizi wengi hupewa kadi ya kazi peke yake, ambayo imeandikwa kwamba haifai kurudia nchini. Watu wawili wanaokaa nyumba moja wanaweza kuwa na kadi zinazofanana rangi, moja inasafiri na nyingine haisafiri. Usiende kwa kuangalia ya jirani.

Kibali cha kurudi ni kitu gani hasa, na nikiombe lini?

Jina lake rasmi ni advance parole. Kinaombwa kwa fomu I-131, na kikitoka huja kwa posta kama karatasi yenye picha yako, namba yako ya A (namba ya faili lako la uhamiaji) na tarehe ya mwisho, nayo inaitwa I-512L. Maana yake ni kwamba serikali imekubali mapema kwamba ukitoka na kurudi ndani ya muda huo, ombi lako la grinikadi halitahesabiwa limeachwa.

Kuhusu lini: siku ileile unayopeleka I-485. Weka fomu zote mbili kwenye bahasha moja, hata kama huna safari yoyote kichwani, hata kama wazazi wako wazima na wanatembea kwenda shambani kila asubuhi. Hili ndilo ninalolirudia kila Jumamosi mpaka wenzangu wananijua kwalo. Watu hujinyima kibali kwa sababu ya pesa, na ninaelewa. Kabla ya Aprili 1, 2024, aliyelipia I-485 alipata I-131 bila kuongeza kitu. Tangu siku hiyo I-131 ya kibali hiki ina ada yake, dola 630. Familia ya watu wanne inaona fungu hilo, inasema tutaomba tukipata safari. Kisha simu inaita saa tisa usiku kutoka nyumbani, na kuanzia hapo kila siku ya kusubiri inauma.

Ikiwa I-485 yako ilipelekwa chini ya ada za zamani, yaani kati ya Julai 30, 2007 na Machi 31, 2024, na ulilipia ada yake, na bado haijaamuliwa, unaweza kuomba kibali hiki bila kulipa tena. Wengi wenye maombi ya zamani hawalijui hili.

Huhitaji kuwa na sababu nzito. Kumtembelea mama ni sababu, harusi ni sababu, kazi ni sababu. Andika ukweli kwa sentensi mbili tatu.

Kinachukua muda gani?

Hesabu miezi, usihesabu wiki. Muda hubadilika, na USCIS huuweka kwenye tovuti yake kwa kila fomu na kila ofisi. Uangalie pale badala ya kumsikiliza mtu aliyepata chake mwaka juzi.

Nikishaomba I-131, naweza kuondoka na kibali kikatumwa nyuma yangu?

Hapana. Lazima kitoke ukiwa bado uko Marekani. Ukiondoka kabla ya kuamuliwa, I-131 yenyewe nayo inahesabiwa imeachwa, isipokuwa kama umesafiri kwa kibali kingine ambacho bado hai au uko kwenye kundi dogo la H na L nitakalolieleza katika jibu linalofuata. Nimeona watu wakimwachia binamu ufunguo wa sanduku la posta ili akipokee na kukituma kwa DHL. Kilichotumwa kilikuwa barua ya kukataliwa.

Nina H-1B au L-1, viza za kazi. Mbona wenzangu wanasafiri bila kibali hiki?

Kwa sababu wamesamehewa. Wenye hadhi ya H-1B na L-1, na ya familia zao H-4 na L-2, pamoja na viza za kifamilia za K-3, K-4 na V, wanaweza kutoka na kurudi kwa viza zao na I-485 ikabaki hai, mradi waendelee kustahili hadhi hiyo na warudi kwa viza halali ya aina hiyohiyo. Kwa H-1B maana yake bado uko kwenye kazi uliyoombewa.

Chunguza muhuri wa viza ndani ya pasipoti. Watu huchanganya idhini ya H-1B, ambayo ni karatasi ya I-797 na inaweza kuwa imeongezwa miaka mitatu, na viza yenyewe, ambayo huenda ilikwisha zamani. Ikiwa imekwisha, utalazimika kuomba mpya ubalozini kabla ya kurudi, na miadi ya ubalozi haina haraka. Ndiyo maana hata mwenye H-1B namshauri awe na kibali cha kurudi mfukoni. Akilazimika kukitumia ataingia kwa parole, yaani ruhusa ya muda inayotokana na kibali hicho, badala ya H, ila anaweza kuendelea kufanya kazi kwa mwajiri yuleyule.

Nina F-1, viza ya masomo. Viza yangu ni ya miaka mingi na bado hai.

Kwa safari hii viza hiyo haikusaidii. F-1 ni ya mtu anayesema atasoma na kurudi kwao, na wewe umeshaiambia serikali kwamba unataka kubaki. Hukutajwa katika kundi lililosamehewa hapo juu. Yule kijana wa Niagara alikuwa F-1.

Ukirudi kwa kibali cha kurudi utaingia kama mtu wa parole, na hadhi yako ya F-1 itakuwa imekwisha. Kwa walio wengi hilo halina shida maadamu I-485 inaendelea, kwa kuwa masomo yanaruhusiwa na kazi utafanya kwa kadi ya kazi. Shida inakuja I-485 ikikataliwa: hutakuwa na F-1 ya kurudia. Kama kesi yako ina udhaifu, zungumza na wakili kabla ya kuiacha F-1.

Niliingia kwa K-1, viza ya mchumba, nikafunga ndoa, tukawasilisha I-485. Sasa?

Viza ya K-1 ni ya kuingia mara moja, na umeshaitumia. Bila kibali cha kurudi, usitoke hata kwa fungate.

Mimi nilishinda DV, bahati nasibu ya viza, nikiwa humu nchini.

Wewe kuwa mwangalifu mara mbili. Mwaka wa DV unakwisha Septemba 30 na hauongezwi kwa ajili ya mtu yeyote. Mwingine ombi lake likifungwa anaweza kuanza upya akiwa na ada na uvumilivu. Wewe ukitoka bila kibali, bahati ile imekwisha na mwaka wake, na hakuna wa kumlilia. Na kwa kuwa kibali huchukua miezi, kuna uwezekano mkubwa kesi yako iamuliwe kabla hakijatoka. Ushauri wangu kwa watu wa DV ni mfupi: mpaka kadi ifike mkononi, kaa.

Viza yangu ilikwisha nikaendelea kukaa, kisha nikaoa raia. Nikipata kibali cha kurudi niko salama?

Hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote, basi twende polepole.

Tangu Aprili 1, 1997, mtu aliyekaa Marekani bila ruhusa zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka, akitoka kwa hiari, anafungiwa nje miaka 3. Aliyekaa mwaka mzima au zaidi, miaka 10. Adhabu hiyo inaamshwa na kutoka. Ukiwa ndani imelala, na ndiyo sababu mume au mke wa raia, aliyeingia kwa kukaguliwa na ofisa kisha akapitiliza muda, anaweza kupata grinikadi bila kuondoka. Siku zile huacha kuhesabiwa I-485 ikishapokelewa, lakini zilizokwisha kuhesabiwa hazifutiki.

Mwaka 2012 bodi ya rufaa za uhamiaji iliamua kesi ya Arrabally na Yerrabelly. Ilisema kwamba mwombaji wa grinikadi anayetoka kwa kibali cha kurudi hahesabiwi kuwa "ameondoka" kwa maana ya kifungu kile cha miaka 10. Uamuzi huo umewafungulia watu wengi njia ya kwenda kuwaona wazazi. Lakini ni uamuzi wa bodi, si sheria ya Bunge, na bodi inaweza kuubadili. Tena haugusi sababu nyingine za kuzuiwa: kukamatwa na polisi, kusema uongo kwenye viza, au kuingia kwa njia za panya baada ya kukaa bila ruhusa zaidi ya mwaka. Hilo la mwisho lina zuio lake la kudumu.

Kwa hiyo, kama uliwahi kukaa bila hadhi hata mwezi mmoja, usisafiri kabla ya kukaa na wakili wa uhamiaji akiwa na faili lako lote mezani. Wakili, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Mtu wa kujaza fomu mtaani hatoshi, nami najihesabu humo.

Nina kesi mbele ya jaji wa uhamiaji, au niliwahi kupewa amri ya kuondoka.

Usitoke. Mwenye amri ya kuondolewa akivuka mpaka, amejitekelezea amri hiyo mwenyewe. Wakili kwanza, kabla ya jambo lolote.

Sisi ni wakimbizi kutoka Kongo. Tunahitaji kibali hikihiki?

Hati yenu ni nyingine, ingawa fomu ni ileile I-131. Mkimbizi, na mtu aliyekwisha kupewa hifadhi, husafiri kwa Hati ya Safari ya Mkimbizi. Ni kijitabu kinachofanana na pasipoti, na hudumu mwaka 1. Mkiomba grinikadi baada ya mwaka wenu wa kwanza, hati hiyo ndiyo ya kusafiria wakati mnasubiri.

Swali lenyewe ambalo watu huona haya kuuliza ni hili: naweza kwenda nyumbani? Mama yuko Uvira, hajaniona miaka kumi na mbili. Jibu langu linaniumiza kila nikilitoa. Ulipewa hifadhi kwa sababu ulisema huwezi kuishi kule kwa usalama. Ukirudi kwa hiari, hasa kwa pasipoti ya serikali uliyoikimbia, unawapa sababu ya kuuliza kama hofu ile ilikuwa ya kweli, na hifadhi inaweza kuondolewa. Anayesubiri bado uamuzi wa hifadhi ana hatari zaidi: akirudi kwenye nchi aliyodai kuikimbia, hata akiwa na kibali cha kurudi, ombi lake la hifadhi linachukuliwa limeachwa mpaka athibitishe kwamba alikuwa na sababu kubwa sana ya kwenda.

Familia nyingi ninazozijua hukutana nchi ya tatu. Mama anavushwa kwenda Kigoma au Kampala, mtoto anatua huko kwa hati yake ya mkimbizi akiwa na viza ya nchi hiyo. Wanakaa wiki tatu nyumba ya kupanga, wanapika pamoja, kila mtu anarudi alikotoka. Uliza viza mapema, maana nchi ambazo pasipoti yako ingeingia kirahisi zinaweza kuitaka hati hii iwe na viza.

Mimi niko nyumbani Afrika, mume wangu ndiye aliyeniombea. Naruhusiwa kusafiri?

Safiri utakako. Kesi yako ni I-130, yaani ombi la mume kwa ajili ya mkewe, haina I-485, na itamalizikia ubalozini. Kutoka nchi moja kwenda nyingine hakuifungi.

Mambo mawili tu. La kwanza, ukienda kuishi Dubai au Doha kwa miezi 12 au zaidi, utatakiwa kuleta cheti cha polisi cha nchi hiyo. Kichukue kabla hujaondoka huko, kwa sababu kukitafuta ukiwa umesharudi Mombasa ni kazi ya miezi. La pili, kituo cha taifa cha viza, NVC, kikikuandikia, jibu. Ukikaa kimya mwaka mzima kesi inaweza kufutwa, na barua pepe ndiyo njia yao.

Je, uende Marekani kumtembelea kwa viza ya utalii huku unasubiri? Sheria haikatazi. Lakini ofisa wa viza anaanza kwa kuamini kwamba unataka kuhamia, na I-130 ni ushahidi kwamba ndivyo ilivyo. Wengi hunyimwa. Ukiulizwa kama umeombewa, sema ndiyo. Uongo mmoja kwenye dirisha lile unaweza kukufungia mlango maisha, wakati kunyimwa viza ya utalii hakuigusi kesi yako ya ndoa.

Kuna mgonjwa nyumbani, au msiba. Naweza kupata kibali haraka?

Njia ipo. Piga simu USCIS, 800-375-5283, na useme tangu mwanzo kwamba unaomba miadi ya dharura ya advance parole. Mashine itajaribu kukurudisha kwenye tovuti, wewe endelea kuomba mtu. Ukipewa miadi, nenda na fomu I-131 iliyojazwa, ada, risiti ya I-485, pasipoti, picha mbili za pasipoti na ushahidi wa dharura.

Ushahidi ndio unaoangusha watu. Ujumbe wa WhatsApp wa kaka yako hautoshi. Pata barua ya hospitali yenye kichwa cha hospitali, jina la mgonjwa, ugonjwa, hali yake na sahihi ya daktari. Kwa msiba, cheti cha kifo au kibali cha mazishi. Kikiwa kwa Kiswahili, kiambatanishe na tafsiri ya Kiingereza na maelezo ya mfasiri, yenye sahihi yake, kwamba anazimudu lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi. Leta na cheti chako cha kuzaliwa kinachoonyesha kwamba huyo ni mzazi wako. Jina la baba likiwa limeandikwa tofauti kwenye karatasi mbili, andika maelezo mafupi kabla hujaulizwa.

Kupewa si haki yako, ni hiari ya ofisi. Na hata wakikubali siku hiyohiyo, mazishi ya Kiislamu hayasubiri ndege. Waislamu tunaopata kibali cha dharura hufika kwenye hitma au arobaini, kwa nadra sana kaburini. Wakristo ambao huweka mwili mochwari wiki mbili wana nafasi zaidi. Nimelisema hili ili ndugu zako wasiahirishe mambo kwa kukungoja.

Uwanja wa ndege kunakuwaje wakati wa kurudi?

Matatizo huanza kabla ya Marekani, kwenye dawati la ndege. Mhudumu ameshaona maelfu ya viza na grinikadi, lakini karatasi ya I-512L anaweza kuwa haijui. Fika mapema kuliko kawaida, mwombe kwa upole amwite msimamizi. Beba na risiti ya I-485.

Angalia unapopitia. Baadhi ya nchi huwasamehe viza ya kupita wenye viza ya Marekani au grinikadi. Kibali cha kurudi hakihesabiwi kuwa mojawapo, na abiria wamezuiwa kwa sababu hiyo. Kenya Airways huruka moja kwa moja Nairobi hadi New York tangu Oktoba 2018, na kwa mtu wa kibali naona nauli ya ziada ni bora kuliko kukwama katikati.

Ukitua, ofisa wa mipaka atakupeleka kwenye chumba cha ukaguzi wa pili. Usitishike, karibu kila mtu wa parole hupelekwa. Simu haziruhusiwi kutumika mle, viti ni vya chuma, na inaweza kuwa nusu saa au saa nne, kwa hiyo usikate ndege ya kuunganisha iliyo karibu. Ataulizia ulikokwenda, kwa nini, na ombi lako ni la msingi gani. Kisha atagonga muhuri wenye neno parole na tarehe. Kibali hakimlazimishi akuingize. Uamuzi wa mwisho ni wake, na mwenye rekodi ya kukamatwa ndiye anayepaswa kuliogopa hili zaidi.

Oktoba 2025 ilianza ada mpya, wakati huo dola 1,000, kwa watu wanaoingizwa kwa parole. Mwombaji wa grinikadi wa I-485 anayerudi kutoka safari ya muda amesamehewa. Risiti ile niliyokuambia ubebe ndiyo itakayoonyesha hivyo.

Nchi yetu imo kwenye orodha ya waliozuiwa kuingia.

Juni 2025 Marekani ilitangaza masharti kwa raia wa nchi kadhaa, Somalia na Burundi zikiwemo, na orodha za namna hiyo huongezwa. Angalia orodha ya wiki unayosafiri, na usitoke bila kumuuliza wakili jinsi inavyokugusa wewe mwenye kibali.

Barua ya alama za vidole au mahojiano ikija nikiwa nje?

Mwachie mtu wa kuaminika kazi ya kufungua barua zako, na ufungue akaunti ya USCIS mtandaoni. Tarehe ya alama za vidole inaweza kuhamishwa kabla haijafika. Ukiipita kimya, ombi linaweza kufungwa. Kama barua hiyo umeshaipata na hujasafiri, malizana nayo kwanza.

Na uamuzi ukitoka nikiwa nje?

Ukikubaliwa, kadi inatumwa kwenye anwani yako ya Marekani. Ndugu anaweza kukutumia kwa njia salama, uingie nayo kama mkaazi wa kudumu. Ukikataliwa, kibali cha kurudi nacho kimekufa, maana kiliegemea ombi hilo. Huo ndio ukweli mchungu wa safari hizi, na ndiyo sababu mtu mwenye kesi yenye utata hukaa.

Zaidi ya hapo, rudi kabla ya tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kibali. Hakiongezwi ukiwa nje. Mimi huwaambia watu waache wiki tatu nyuma, kwa sababu malaria na ndege zilizoahirishwa havina kalenda.

Watoto?

Kila mmoja na I-131 yake, hata wa miezi sita. Akisafiri na mzazi mmoja, beba barua ya idhini ya mwingine.

Puerto Rico? Hawaii?

Ni Marekani. Ndege ya moja kwa moja haikutoi nchini. Meli ya kitalii inayotia nanga Bahamas inakutoa.

Baba yangu ni mahututi, kibali cha dharura wamekataa, na daktari anasema siku ni chache. Niende?

Dada mmoja aliniuliza hivi akiwa amesimama, hakutaka hata kukaa. Sikuweza kumjibu ndiyo au hapana, na wewe pia sitakujibu hivyo. Nilichofanya ni kumwonyesha atakachopoteza.

Yeye mumewe ni raia, na hakuwahi kukaa bila hadhi hata siku moja. Akitoka, I-485 ingefungwa, pesa zingepotea, ila I-130 ya mumewe ingebaki. Angeendelea na kesi akiwa nyumbani kupitia ubalozi, akikaa mbali na mumewe mwaka mmoja na pengine zaidi. Ni gharama kubwa, lakini ina mwisho. Angekuwa amepitiliza viza mwaka mzima, angefungiwa miaka 10, na msamaha wake ni fomu nyingine yenye kusubiri kwingine. Angekuwa mtu wa DV, hakuna kitu kingebaki.

Tulipiga hesabu hiyo nyuma ya bahasha, mumewe akiwa kwenye spika ya simu. Alimuuliza mara moja tu, "Utanisubiri?" Mumewe akasema atamsubiri. Akakata tiketi jioni ile, akamkuta mzee wake anaongea, akakaa naye siku kumi na moja. Grinikadi yake aliipokea miezi kumi na tisa baadaye, kwa njia ya ubalozi.

Jumamosi hiyohiyo mwanamume mwingine alisikia hesabu ileile na akaamua kubaki. Alifuatilia mazishi kwa simu, kwenye kochi la nyuma ya chumba chetu, na sisi tukakaa naye mpaka magharibi.